Nani Ametunyang'anya Wahunzi?



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kuna habari fupi ambayo wahubiri wengi huipita upesi wakikimbilia habari za Yonathani na Daudi. Wafilisti walihakikisha kwamba katika nchi nzima ya Israeli hapatikani mhunzi hata mmoja. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe, shoka au mundu wake ilimbidi ateremke kwa Wafilisti, na huko alilipa bei waliyoipanga wao. Siku ya vita ilipofika, hapakuwa na upanga wala mkuki katika jeshi zima, isipokuwa mikononi mwa Sauli na mwanawe. Taifa lisiloweza kunoa jembe lake lilikuwa limekwisha kufungwa kabla halijapigwa.

Habari hiyo ilitujia akilini mwaka huu tukiwa ndani ya ghala la parokia. Halmashauri ya Walei ilikuwa imeagiza ghala lisafishwe ili mahindi yapate pa kukaa, na Tume yetu ikapewa kazi ya kuamua nini kitupwe. Nyuma ya madawati mabovu tulikuta taa za sola 41 zimepangwa katika maboksi yake, kompyuta 14 za msaada, na redio ambazo hakuna aliyejali kuzihesabu. Taa zile zililetwa miaka michache iliyopita na mradi wa watu wenye mapenzi mema, zikagawiwa kwa kaya zisizo na umeme. Zilipozimika, watu walizirudisha parokiani wakidhani Padre atajua la kufanya. Padre hakujua. Aliziweka ghalani.

Kijana mmoja wa VIWAWA, ambaye hutengeneza simu chini ya mwavuli kando ya stendi, aliomba kufungua taa moja. Aliigeuza huku na huku akitafuta skrubu, asiione. Taa ilikuwa imegandishwa kwa gundi pande zote, na ilimlazimu kuipasua kwa msumeno wa chuma kama mtu apasuaye nazi. Ndani yake kila kitu kilikuwa kizima: kioo cha kukusanyia jua kizima, balbu nzima, nyaya nzima. Iliyokufa ni betri peke yake, betri ya aina inayouzwa sokoni kwetu kwa bei ya kilo chache za unga. Kijana akaweka betri mpya, akaifunga taa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na taa ikawaka. Kwa majuma matatu alifanya hivyo kwa taa zote. Kati ya 41, zimewaka 33.

Maana yake ni kwamba watoto wa kaya 33 za parokia hii wamesoma kwa koroboi, au hawakusoma kabisa, kwa muda wa miaka miwili, kwa sababu ya gundi.

Gundi ile haikumwagika kwa bahati mbaya. Mahali fulani mtu mwenye elimu aliketi mezani akachora taa, na alipofika mahali pa kuchagua kati ya gundi na skrubu nne, alichagua gundi. Wenye viwanda wana majibu yao, nasi tumeyasikia: gundi huzuia maji, hupunguza unene, humlinda mwenye kifaa asijidhuru. Majibu hayo yana chembe ya ukweli. Lakini saa za mkononi zimezuia maji kwa miongo mingi kwa mfuniko wa skrubu na pete ndogo ya mpira. Na sote tunaikumbuka simu ambayo ukiiangusha ilitawanyika, mfuniko huku, betri kule. Ukaviokota, ukaviunganisha, ukaendelea na maongezi. Simu ya leo huanguka mara moja, kioo kikapasuka, na ukimpelekea fundi anakuta betri imebandikwa, skrubu zina vichwa ambavyo bisibisi yake haivijui, na michoro ya umeme wa ndani imefichwa kama siri ya dola. Zipo hata simu ambazo programu yake hukikagua kioo kipya. Ikikuta hakikuidhinishwa na kiwanda, hukataa baadhi ya kazi, ijapokuwa kioo chenyewe ni kizima na kimetoka katika simu ya aina ile ile. Mhunzi bado tunaye, ndugu zangu. Amefungwa mikono.

Tunajua kuna watakaosema: je, haya nayo ni mambo ya Tume ya Haki na Amani? Si afadhali tushughulikie migogoro ya ardhi na mirathi ya wajane? Tunaishughulikia, na tutaendelea. Lakini anayeuliza hivyo hajaona bado kilichomo ndani ya kifaa anachokitupa.

KILICHOMO NDANI

Siku ya pili ya kazi ile, alikuwapo ghalani ndugu mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa amefika parokiani kwa kibali. Kijana fundi alikuwa amefungua kompyuta mojawapo na kuitoa ile bamba ya kijani iliyojaa vidude. Akatuonyesha kidude kimoja cha rangi ya njano, kisichozidi punje ya mchele. Akasema hicho ni kapasita. Kazi yake ni kuweka akiba ndogo ya umeme na kuuachilia kwa kipimo, na ndani yake mna tantali, ambayo hutokana na koltani.

Yule ndugu aliinama akakitazama kwa muda mrefu. Kabla ya kukimbia nchi yake alikuwa amechimba koltani katika vilima vya Masisi, kwa sururu na koleo, akishuka shimoni asubuhi na kupanda jioni amebeba mchanga mweusi. Hakuwa amepata kuona mwisho wa safari ya mchanga ule. Alituuliza tu: "Ni hii tu, Baba?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumepanga kompyuta zile zitupwe Jumatatu.

Basi tuseme wazi mambo yalivyo, maana waamini wengi hawajawahi kuelezwa. Katika simu na kompyuta mna tantali ndani ya kapasita, bati katika risasi ya kulehemia, tungsteni katika kile kinachotetema simu inapoita, dhahabu kidogo katika viungo, shaba katika nyaya, na mara nyingi kobalti katika betri. Kongo hutoa zaidi ya theluthi moja ya tantali yote inayochimbwa duniani. Kobalti, mwaka 2024 ilitoka huko kiasi cha robo tatu, sehemu kubwa kutoka Katanga ya zamani. Wanaoyachimba kwa mikono ni watu wanaosema Kiswahili kama sisi, na baadhi yao ni wabatizwa kama sisi.

Historia ya madini hayo ni chungu. Mwishoni mwa mwaka 2000, dunia ilipozikimbilia simu na michezo ya kompyuta, bei ya tantali ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache. Wakulima wa Kivu waliacha mashamba, shule zikapoteza wanafunzi, na majeshi yaliyokuwa yakipigana huko yakajua kwamba kilima chenye koltani kina faida kuliko mji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hayo katika taarifa zao za 2001 na 2002, wakieleza jinsi uporaji wa mali ulivyoilisha vita na vita ikaulinda uporaji. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2024, waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya huko Masisi, wenye mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani, wakaanza kutoza kodi kwa wachimbaji na wafanyabiashara. Majina ya makundi hubadilika. Mchanga mweusi ni ule ule.

Papa Fransisko alipofika Kinshasa mwanzoni mwa mwaka 2023 alikutana na watu wa mashariki waliobeba makovu ya mambo hayo mwilini, akawataka wageni waiondolee Kongo mikono yao. Tulishangilia maneno yale kwa makofi mengi. Tulisahau kutazama mikono yetu ilikuwa imeshika nini tulipokuwa tukiyapiga picha makofi hayo.

Sasa lisikilizeni jambo moja ambalo hata sisi tulijifunza kwa kuchelewa. Wengi hudhani kwamba kifaa kikifa, dawa ni kukikusanya na kukipeleka kiwandani kiyeyushwe, na madini yatarudi. Kwa dhahabu hilo ni kweli kabisa. Tani moja ya simu zisizo na betri ina dhahabu ipatayo gramu 340, wakati migodi mingi haipati hata gramu 10 katika tani moja ya mawe. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya na Asia huzitafuta bamba zetu za kijani kwa hamu. Lakini tantali haina bahati hiyo. Imetawanyika punje punje, na katika tanuru la kuyeyushia shaba na dhahabu huungana na takataka za tanuru, ikamwagwa pamoja nazo. Hairudi. Koltani aliyoipandisha ndugu yetu kutoka shimoni hufanya kazi kwa muda ule tu ambao kifaa kinafanya kazi. Siku tunapokitupa kifaa ambacho kingetengenezeka, jasho lile limemwagwa, na mtu mwingine lazima ashuke shimoni kuleta jingine badala yake.

Kwa hiyo fundi wa kando ya stendi, ambaye tunampita bila salamu na kumlipa kwa manung'uniko, ndiye anayelinda kazi ya mchimbaji isipotee. Hakuna tanuru duniani linaloweza kufanya hivyo kwa koltani kama anavyofanya yeye kwa kulehemu tundu la chaji.

Yanayofuata baada ya kutupa, mnayaona wenyewe. Kwa hesabu za kimataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo ya hizo ndizo zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Katika Afrika, hata sehemu moja kwa mia haifiki. Sisi Waafrika ndio tunaozalisha taka hizo kidogo kuliko wote, kiasi cha kilo 2.5 kwa mtu, wakati Mzungu wa Ulaya huzalisha zaidi ya kilo 17. Lakini angalieni nyuma ya soko letu jioni. Watoto wenye umri wa Komunyo ya Kwanza huchoma nyaya ili mpira uungue na shaba ibaki, wakauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moshi ule ni sumu. Wanaukaa karibu kwa sababu ya jioni yenye baridi, tena kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaambia.

Katikati ya mwaka 2016 serikali yetu ilizizima simu bandia nchi nzima. Sababu zilikuwapo, wala hatuzipingi. Simu bandia huibia watu na huweza kuwadhuru. Swali letu ni moja, nalo halijajibiwa kwetu huku: simu zile zilikwenda wapi? Sisi hatukuona hapa hata kapu moja lililowekwa ili kuzikusanya. Baadhi tunazikuta hadi leo vichanga vikizichezea, betri zikiwamo.

KWA WANAOTUPINGA

Ndugu mmoja msomi, tunayemheshimu, alituambia hivi: mkiwafundisha watu kutonunua vipya, mnamnyima chakula huyo huyo Mkongomani mnayemlilia. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo na jirani zake. Septemba mwaka huo huo Rais wa Kongo alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wanunuzi wengi wakaona ni rahisi kuikwepa Kongo kabisa kuliko kuuliza maswali. Walioumia kwanza ni wachimbaji, wake zao, na akina mama waliouza ugali machimboni. Wenye bunduki walijua njia za usiku. Kwa hiyo sisi hatusemi Wakongomani wasichimbe, wala hatutangazi mgomo.

Tunachosema ni kingine. Mchimbaji hapati leo faida ya simu nyingi zinazouzwa. Anapata senti za kilima, na faida inabaki njiani. Biashara iliyojengwa juu ya kutupa haraka inahitaji malighafi ya bei ya kutupa, na malighafi ya bei ya kutupa inahitaji watu wa bei ya kutupa. Kifaa kinachodumu miaka 8 kinaweza kubeba bei iliyo halali kwa kila aliyekigusa. Kinachokufa baada ya miaka 2 hakiwezi. Anayetaka mchimbaji alipwe haki yake aanze kwa kudai kifaa kinachofunguka.

Wengine hutuambia: kutengeneza ni ghali kuliko kununua, mnataka maskini agharamie dhamiri yenu? Tukubali kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo. Mama mjane akiambiwa kioo kinagharimu theluthi mbili za simu mpya, hatuwezi kumlaumu. Lakini nani aliyepanga iwe hivyo? Kipuri hakiuzwi, au kinauzwa na mmoja tu, mchoro umefichwa, gundi inamlazimu fundi atumie saa mbili mahali pa dakika kumi. Wafilisti nao walipanga bei ya kunoa jembe. Aliyeilipa hakuwa na kosa, ila ilikuwa haki yake kuuliza mhunzi wake yuko wapi.

Wapo pia wanaosema mafundi wenyewe ni wezi. Hapa tutanena bila kupaka mafuta. Wako mafundi wanaotoa kioo kizima na kuweka kibovu, wanaodai bamba limeungua kumbe ni uchafu kwenye tundu la chaji, wanaokaa na simu ya mtu majuma matatu na kuiuza juma la nne. Hao wanawaibia maskini na kuuchafua ufundi wa wenzao, na ikiwa ni wabatizwa, wanajua foleni ya kitubio iko upande gani wa kanisa. Lakini hatuwezi kudai uaminifu wa daktari kwa mtu tunayemtendea kama mzururaji, ambaye mgambo humfukuza asubuhi na sisi humpunja jioni. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi mitaani. Mafundi wetu wapimwe, wapewe vyeti, wajulikane kwa majina, na asiye mwaminifu ajulikane pia.

Wakati sisi tunawafukuza mafundi wetu, angalieni wenzetu wanafanya nini. Mwaka 2009, mjini Amsterdam, mwanamke mmoja mwandishi wa habari, Martine Postma, aliwakusanya majirani wenye vitu vibovu na majirani wenye ujuzi mezani pamoja, wakanywa kahawa na kutengeneza. Leo meza za namna hiyo zipo kwa maelfu katika nchi nyingi. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimu wauzaji waandike juu ya simu na kompyuta alama inayoonyesha kifaa kinatengenezeka kwa kiasi gani. Tangu Juni 2025, simu mpya aina inayoingizwa katika masoko ya Umoja wa Ulaya lazima iwe na vipuri vya muhimu kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Na sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vidogo kwa jumla, isipokuwa vichache vilivyotajwa, ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe.

Tunawapongeza. Lakini inatuchoma moyo. Mzungu ameanza kujifunza upya kile ambacho babu zetu walikijua walipomuwekea jembe mpini wa tatu, na sisi tumeanza kukisahau. Tena tunauliza: simu itakayouzwa Rotterdam ikiwa na vipuri vya miaka 7, je, itakuwa ni ile ile itakayouzwa Kariakoo? Au vilivyokataliwa kule ndivyo vitakavyoshushwa bandarini kwetu kwa jina la bei nafuu?

Nchi yetu haikosi sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za taka za vifaa vya umeme za mwaka 2021. Kilichokosekana hapa kwetu ni mtu wa kuzisoma mbele ya wananchi, na mahali karibu pa kupeleka betri iliyokufa. Tunaomba madiwani wetu, ambao wengi huketi viti vya mbele Dominika, watuambie katika vikao vyao vijavyo mahali hapo patakuwa wapi. Tunaomba pia wanaokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini waongeze swali moja katika ukaguzi wao: je, kifaa hiki kinafunguka?

Wala wasijidanganye wanaodhani haya ni mambo ya ng'ambo ya ziwa. Kyerwa kuna bati, Kabanga kule Ngara kuna nikeli, Mahenge kuna kinywe, Ngualla mkoani Songwe kuna madini adimu ya ardhi yanayotafutwa na dunia nzima. Kinachoamuliwa leo kuhusu thamani ya jasho la Mmasisi kitatumika kesho kupima jasho la Mtanzania.

NA SISI WENYEWE

Tungekuwa wanafiki kama tungewahukumu wenye viwanda na kuiacha ofisi ya parokia. Zile kompyuta 14 tulizipokea kwa shangwe, kwa ngoma na picha ya pamoja. Hakuna aliyeuliza zina umri gani. Zilipofika, 5 zilikuwa hazijawahi kuwaka kwenye ardhi yetu, na nyingine zilikufa kabla ya Pasaka iliyofuata. Waliozituma hawakuwa na nia mbaya, na hatutawataja. Lakini ni ukweli mchungu kwamba msaada mwingine ni jaa lililofungwa utepe, na sisi makleri tumekuwa walinda mlango wazuri wa jaa hilo, kwa sababu tunaona haya kumwambia mfadhili hapana. Tangu sasa Tume imeiomba Halmashauri ya Walei, nayo imekubali, kwamba parokia haitapokea taa, simu wala kompyuta ya msaada kabla fundi wetu hajaifungua kwa bisibisi ya kawaida na kuifunga tena. Isiyofunguka itarudi na barua ya shukrani.

Vijana nao tuwaambie neno. Tunajua aibu ya kutoa mfukoni simu yenye ufa mbele ya wenzako. Tumeona wavulana wakiuza mahindi ya nyumbani kabla hayajakauka ili wapate simu yenye kamera tatu, na mwaka uliofuata wakauza tena kwa sababu ya kamera nne. Wazazi wanatuuliza tuwaambieje. Waleteni mezani waone ndani yake.

Meza ya ufundi itakuwa chini ya mwembe wa ukumbi wa parokia kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya Misa ya asubuhi hadi saa 8 mchana. Mafundi 4 wamejitolea, na wanawake wa WAWATA watapika chai. Mwenye kifaa atalipia kipuri na kumpa fundi ujira walioafikiana mbele ya mjumbe wa Tume. Asiyeweza kulipa aje na barua ya mwenyekiti wa Jumuiya yake Ndogo Ndogo. Kila kifaa kitafunguliwa mbele ya mwenyewe, si nyuma ya pazia. Watu wa dini na madhehebu mengine wanakaribishwa sawasawa na sisi. Umeme hauna ubatizo. Makatekista waeleze habari hii katika jumuiya zote, pamoja na zile za ng'ambo ya mto zisizofikiwa na tangazo la Dominika.

Nyaya zisichomwe. Zileteni, mafundi watazimenya kwa kisu, na shaba itauzwa kwa faida ya wale watoto, kwa sharti la kuonekana shuleni. Betri za simu zilizovimba zisitobolewe, zisibanwe, wala zisiwekwe juani au pamoja na nguo. Zitiwe katika kopo lenye mchanga mkavu na kuletwa kwa mkono wa mtu mzima. Kompyuta zile 14 hazikutupwa Jumatatu. Kwa vipande vya zote, vijana wamepata 6 zinazowaka, nazo zimepelekwa katika chumba cha ushirika wa akiba na mikopo.

Taa 8 bado hazijawaka. Ziko mezani, zimefunguliwa, na fundi yeyote anayejua zaidi ya hawa wetu anaombwa aje azitazame.